Läxa ilitoka wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma darasa la pili hapa Göteborg. Kila wiki huja na karatasi iliyoandikwa "läxa", yaani kazi ya nyumbani. Kwa kuwa Waswidi husema "läsa" kwa kusoma, niliamini läxa imezaliwa humo. Mume wangu, aliyesomea Kifaransa Bukavu, anasema ni ndugu wa "leçon", yaani somo. Nani kapatia?
Mama wa Göteborg

JIBU: Mama, mumeo kapatia. Läxa (tamka "leksa"), kama leçon, asili yake ni "lectio" ya Kilatini, yaani usomaji, kutokana na kitenzi "legere". Katika nyumba za watawa na shule za makanisa makuu, lectio ilikuwa kifungu kilichosomwa kwa sauti, na ndicho mwanafunzi alichopewa akariri. Zama za kati Kilatini kilitamkwa "lektsio". Wajerumani wa kaskazini wakaangusha ile t, ikawa "lexie". Waswidi waliipokea kwao enzi ambazo wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Wajerumani wa kaskazini, kutoka Lübeck walijaa miji ya Uswidi ya Visby na Stockholm. Wafini nao wakaichukua kwa Waswidi, wakasema "läksy".

Kosa lako lina sababu nzuri. Läsa ni neno la kale la Kigermanik, ukoo wa lugha wenye Kiswidi na Kijerumani, lililomaanisha kuokota, kukusanya. Wajerumani mpaka leo huita mavuno ya zabibu "Weinlese". Na legere nayo ilianza kwa maana hiyohiyo ya kuokota kabla ya kuwa kusoma! Lakini mizizi ni miwili. Penye g ya Kilatini, Kiswidi kwa kawaida huwa na k: shamba ni "ager" kule, "åker" huku, goti ni "genu" kule, "knä" huku. Läsa ingekuwa jamaa ya legere, tungetarajia k, si s.

Angalia pia "lektion". Ni lectio ileile iliyoingia mara ya pili, kwa sura ya kisomi, na maana yake ni kipindi cha darasani. Mwalimu akiandika lektion, hakuna cha kufanya nyumbani. Akiandika läxa, au läxor zikiwa nyingi, fungueni daftari.

"Läxa upp" ni kumkaripia mtu. "Bakläxa" ni kazi iliyorudishwa ifanywe upya, na magazeti hulitumia hata kwa mpango wa ujenzi uliokataliwa.