Usilichapishe bango la "uzito wako kwenye sayari nyingine" kabla hujagawanya mara mbili

Mkuu, usilipeleke hilo bango kwa mchapaji. Simama kwanza. Nimesoma ulivyoeleza: umepata masi za sayari zote (masi ni kiasi cha maada kilichomo), unazizidisha kwa kilo za mwanafunzi, na umeshaandika kwamba mtoto wa kilo 40 akifika Zohali atakuwa na kilo 3,800 kwa sababu masi ya Zohali ni mara 95 ya Dunia. Mambo ya kuchapa kwenye flexi au turubai, na kama Pluto iingie au ibaki nje, yanaweza kusubiri. Hiyo 3,800 haisubiri.

Bango la namna hiyo nimewahi kulitundika shuleni kwetu. Lilichapwa kwa michango ya wazazi, rangi zimekolea, sayari zimepangwa kuanzia Utaridi hadi Neptuni, na chini ya Mshtarii kumeandikwa tani 12 na ushee, yaani 40 mara 318. Mtoto mmoja uzito wa lori lenye mchanga, na hakuna mtu mzima aliyeshtuka. Sayari kubwa, namba kubwa, kila mtu akaridhika.

Siku ya maonyesho, wazazi wamejaa na mgeni rasmi keshafika, binti wa kidato cha pili alikuja na kitabu cha maktaba kimefunguliwa. Kidole chake kilikuwa kwenye jedwali. "Mwalimu, hapa wameandika mvutano wa Zohali ni 10.4, na wa Dunia 9.8. Zinakaribiana. Sasa hizi kilo elfu tatu na mia nane zimetoka wapi?" Nilikitazama kile kidole, nikalitazama bango, sikuwa na la kumjibu. Bango lilishushwa kabla ya chakula cha mchana, na hela za wazazi zikaenda nalo. Mwaka uliofuata nilipoomba tena mchango, kamati iliniuliza mbele ya watu kama safari hii namba zimehakikiwa. Swali la haki kabisa.

Namba zile nilizitoa kwenye kitini cha tuisheni. Kimeandika kwamba sayari yenye masi kubwa ina mvutano mkubwa, basi, nukta. Nilimuuliza mwenye kitini kuhusu nusu kipenyo, akasema hayo ni ya chuo kikuu, yatawachanganya watoto. Yawachanganye vipi? Ni kugawanya! Mtoto wa darasa la tano anagawanya. Hasira haijaniisha, kwa sababu kitini kile bado kinadurufiwa na kuuzwa, na namba zako zinafanana nacho mno.

Kanuni ni hii, ishike hata ukisahau mengine yote: zidisha kilo za mtoto kwa masi ya sayari, halafu gawanya kwa nusu kipenyo, halafu gawanya TENA kwa nusu kipenyo hichohicho. Mara mbili. Ukipima vyote kwa kulinganisha na Dunia huihitaji hata ile G ya kwenye fomula, namba isiyobadilika ya mvutano.

Chukua Zohali. Masi mara 95. Nusu kipenyo chake ni kama mara 9.4 ya cha kwetu. Gawanya 95 kwa 9.4, unapata 10 na kidogo. Gawanya tena kwa 9.4, unapata karibu 1.07. Mtoto wako wa kilo 40, mizani itamsoma kama kilo 43. Elfu tatu na mia nane imeshuka hadi arobaini na tatu. Mshtarii nayo: 318, gawanya kwa 11.2, gawanya tena kwa 11.2, ni kama 2.53. Mizani inasoma kama kilo 101. Huo ndio mvutano mkubwa kuliko wa sayari nyingine zote zinazolizunguka Jua, na ni mara mbili na nusu tu.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mvutano unategemea umbali wako kutoka kitovu cha sayari. Hapa Dunia tuko kilomita 6,371 kutoka kitovu. Juu ya mawingu ya Zohali uko kilomita kama 60,000. Umbali ukiongezeka mara mbili mvutano unabaki robo, ukiongezeka mara tatu unabaki sehemu moja ya tisa. Newton aliyechapisha sheria hii mwaka 1687 aliipima kwa Mwezi: uko mbali kama mara 60 ya nusu kipenyo cha Dunia, na jinsi njia yake inavyopinda kuja kwetu inaonyesha mvutano uliopungua mara 3,600. Sitini mara sitini.

Ukitaka watoto wasimame mbele ya bango wabishane, weka Uranusi katikati. Masi yake ni mara 14.5 ya Dunia, lakini nusu kipenyo ni mara 4. Gawanya, gawanya tena: 0.9. Sayari yenye masi mara kumi na nne na nusu, na mtoto anakuwa MWEPESI kuliko alivyo hapa, kilo 36! Halafu weka Mirihi na Utaridi pamoja. Mirihi ina masi karibu mara mbili ya Utaridi, lakini ni pana zaidi, na zote mbili zinaishia kwenye mvutano wa 3.7, kwa kipimo kile ambacho Dunia ni 9.8. Mtoto wa kilo 40 anasoma kilo 15 kote kuwili. Kitini kile hakiwezi kulieleza hili hata kikiongezwa kurasa.

Na usigeukie upande wa pili ukasema basi ukubwa unapunguza uzito. Sayari ya mwamba uleule wa Dunia, yenye nusu kipenyo mara mbili, ingekuwa na masi mara nane. Gawanya kwa mbili, gawanya tena kwa mbili, uzito mara mbili. Zohali iko chini hivyo kwa sababu imeumuka: sentimita moja ya ujazo ina wastani wa gramu 0.7, pungufu ya maji.

Andika "mizani itasoma", usiandike "utakuwa na kilo". Masi ya mtoto ni kilo 40 popote aendako. Kinachobadilika ni nguvu anayovutwa nayo, hapa niutoni 392, Mirihi kama 150. Pia usiandike "ukisimama juu ya Mshtarii". Haina ardhi ya kukanyaga, namba hupigwa pale juu ambapo mgandamizo wa gesi ni baa 1, karibu sawa na wa hewa ya hapa kwetu usawa wa bahari. Na kwa Zohali ukikuta kitabu kingine kimeandika takriban 9 badala ya 10.4, kimeshapunguza mvutano unaopotea kwenye ikweta kwa sababu ya kuzunguka kwake, maana siku yake haifiki saa 11. Chagua moja, uitaje ni ipi.

Piga hesabu upya leo, weka jedwali hapa kabla hujalipa hata senti. Nitalipitia mstari kwa mstari.