Jotoardhi au maji ya ardhini? Ushauri kwa anayeanza uzamili wa jiolojia

Mdogo wangu, unasema wenzako wanakusukuma uchague jotoardhi, yaani umeme wa mvuke wa ardhini, kwa sababu ya mshahara wa mitambo ya Olkaria karibu na Naivasha, ilhali wewe unavutiwa na maji ya ardhini. Fuata maji. Olkaria inazalisha umeme tangu 1981 na ni fani nzuri, lakini waajiri wake ni wa kuhesabika. Visima vinachimbwa kila kona ya Nairobi, na kina cha maji kinazidi kushuka kwa sababu tunayavuta kuliko mvua inavyoyarudisha.

Halafu kuna floraidi, madini yanayoingia majini kutoka kwenye miamba ya volkano na kuharibu meno yakizidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinakipita. Tazama madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa Nakuru. Kazi hii inahitaji watu.

Kabla ya kujaza fomu, nenda Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ukaongee na mhadhiri atakayekusimamia. Muulize ana data gani, na wanafunzi wake humaliza lini. Msimamizi asiyepatikana atakuchelewesha hata ukiipenda fani vipi.

Ukibadili nia baadaye, kemia ya maji itakufaa hukohuko Olkaria: silika iliyoyeyuka kwenye maji ya kisima hutumika kukadiria joto lililoko chini ya ardhi.