Kabla hujaandika maombi yako ya mwaka mpya, andika kwanza majina

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi tarehe 3 dada mmoja wa Tororo alinitumia meseji usiku, ndefu, nimeisoma mara tatu. Anasema ameingia kesha la mwaka mpya miaka minne mfululizo, kila Januari anafunga siku 21, na kila ikifika Februari anakauka kabisa, hata Baba Yetu haimtoki mdomoni. Ananiuliza, "Mama, mimi nakosea wapi?" Nilianza kumjibu kwenye simu nikaona haiishi, basi wacha niandike hapa maana najua si yeye peke yake. Sote tunataka mwaka huu tuwe karibu na Mungu kuliko ule uliopita. Na hiyo Februari yake mimi naijua, nimeishi ndani yake.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Busia, upande wa Uganda. Desemba kwa fundi ndio mwezi wa hela, kila mwanamke anataka gomesi (lile gauni la heshima la kwetu Uganda) ya Krismasi, ya harusi, ya introdakshoni (siku binti anapomtambulisha mchumba kwao), na mwaka 2018 sikumkataa mtu, nilipokea vitambaa na adivansi mpaka nikakosa pa kuviweka. Kuna mama mmoja mjane aliniletea mita sita za zambarau ile inayong'aa, akanipa elfu arobaini, akaniambia, "Binti yangu anatambulishwa tarehe 29, mwanangu usiniangushe." Nikampima, nikaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, nikakibana na pini juu ya kitambaa, nikatia kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Sikuifungua tena.

Na ile hela yake ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kwenda kesha Kampala. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Tarehe 29 ilipita nimezima simu, tarehe 31 nikapanda taksi na wenzangu, ni kama kilomita 200, na lile daraja jipya la Jinja lilikuwa limefunguliwa Oktoba hiyo, tulipofika juu yake taksi nzima ikashangilia, na mimi nikalichukua kama ishara kwamba Mungu ananivusha. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya maombi 17, nimeyapanga kwa namba: cherehani ya umeme, kiwanja, karo, kibanda kikubwa, mpaka mambo ya ndugu zangu. Saa sita fataki zikapasuka, nikainua ile karatasi juu nikalia mpaka sauti ikakatika. Na sikuwa naigiza, nililia kweli.

Narudi Busia jioni ya tarehe 1, yule mama nimemkuta amekaa kwenye benchi ya kibanda changu. Hakunitukana. Aliomba kitambaa chake tu. Akafungua kavera, akaikuta ile karatasi yenye jina lake na pini yake, kitambaa hakijaguswa hata na chaki. Akakikunja upya taratibu, kona kwa kona, akasema, "Nilivaa gomesi ya jirani, ilinibana mabegani," akaondoka. Hela hakuitaja.

Siku 21 nilianza kufunga kama kawaida yetu. Lakini kila nikipiga magoti naona ile kona ya zambarau inakunjwa, nikifumba macho naona hiyo, nikinena naona hiyo. Siku ya tisa niliacha. Februari nilikuwa siombi kabisa, kanisani nikawa nakaa benchi la mwisho, na watu wa ushirika wetu wakaanza, fundi mwizi huyo, fundi wa makesha, na hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani kuniuliza dada kuna nini. Watu ambao niliwashonea sare za kwaya bila kuwadai hata uzi! Nimesamehe, lakini inauma mpaka leo, sitadanganya.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa madeni tu. Aliyenitoa pale ni bibi yangu, ambaye alikuwa mlokole wa zile enzi. Kwa vijana wasiojua, uamsho wa walokole unatajwa kuanzia pale Mganda Simeon Nsibambi na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walipokutana Namirembe kule Kampala mwaka 1929 wakasoma Neno na kuomba pamoja, moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaja Kabale hapa Uganda 1935, ukaenea Afrika Mashariki yote. Bibi alikuwa anatusimulia kwamba mtu akiokoka usiku, asubuhi unamwona njiani anarudisha jembe la watu, anarudisha mbuzi, anakwenda kwa aliyemkosea kusema ni mimi nilichukua. Basi nikamweleza habari zangu zote, nikamwambia nimeomba, nimefunga, nimekesha, mbingu zimefungwa. Akaniuliza, "Hela ya mjane iko wapi?" Nikasema bibi, nimeshatubu. Akasema, "Kwa nani?"

Sikulala siku hiyo. Kumbe Yesu mwenyewe amelisema waziwazi katika Mathayo 5, mstari wa 23 na 24, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, nenda mpatane kwanza, kisha urudi uitoe. Mstari huo nilikuwa naujua toka Sunday skuli. Nilikuwa naupita tu.

Niliuza redio, nikaenda kwake na elfu arobaini mkononi, nikapiga magoti pale uani mbele ya wajukuu zake. Alikaa kimya muda mrefu sana. Halafu akaingia ndani akatoka na ile kavera ile ile. Nilimshonea siku mbili, mabega yamesimama, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi wa dhahabu, sikuchukua shilingi. Usiku huo niliomba kama dakika kumi hivi na nilijua nimesikiwa.

Kwa hiyo dada yangu wa Tororo, sikuambii uache kesha. Kesha ni kitu kikubwa, wale watu weusi wa Marekani walikesha usiku wa 31 Desemba 1862 wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la uhuru wa watumwa litakaloanza kazi tarehe 1 Januari 1863, hebu fikiria mtu anaimba usiku kucha na minyororo bado iko nchini. Wala sikuambii uache kufunga. Ila soma Danieli 10 vizuri, wiki zile tatu Danieli alikuwa anaomboleza, hakuwa anamwekea Mungu masharti ya kiwanja na gari.

Ninachokuambia ni hiki, nunua kaunta buku, na ukurasa wa kwanza usiandike maombi, andika majina. Uliyemdanganya, uliyemla hela, uliyemsema vibaya, uliyemzimia simu. Halafu uende. Meseji haitoshi, uende kwa miguu yako, na kama ni hela ubebe hela, Zakayo alisema atarudisha mara nne, wewe rudisha hata hiyo moja. Ukimaliza ukurasa huo ndio ugeuze.

Halafu uwe na saa moja isiyobadilika. Mimi ni saa kumi na moja alfajiri jikoni, nawasha sigiri, makaa yakianza kushika naomba mpaka yawe mekundu, ni kama nusu saa, chai inapikwa baada ya hapo. Marko 1:35, Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo watu. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na hiyo sheria ya mfalme ilimkuta ana desturi hiyo tayari, hakuanza siku alipoona simba. Wengi wetu tunasubiri simba! Mtoto augue, duka lifungwe, mume aondoke, ndio tunatafuta mlima wa maombi. Amka. Acha simu chumba kingine. Na ukishaamka rudi kwenye yale majina, maana mwaka ukienda majina mapya yanaingia, mimi mwenyewe yanaingia.

Mwaka jana niliacha kupokea kazi tarehe 10 Desemba, watu wakanikasirikia, wengine wakavuka kwenda kushona upande wa Kenya. Lakini tarehe 24 saa nane mchana kavera zote zilikuwa tupu, cherehani nne zimefunikwa, wasichana wangu watatu wamelipwa, na kesha niliingia hapa hapa Busia bila karatasi yoyote mfukoni. Yule mama mjane alikuwa benchi la mbele yangu na gomesi yake ya zambarau.

Sasa ni msimu wa sare za shule, nimeshakata 14 na shule zinakaribia kufunguliwa. Kwenye kaunta buku ya mwaka huu ukurasa wa kwanza una majina matatu, mawili nimeyamaliza. La tatu ni la mwanamke wa ushirika wetu, mmoja wa wale walionisema, ambaye na mimi nilimsema vibaya sana kwa watu. Nimempigia mara mbili hajashika. Jumapili nitakwenda kwake baada ya ibada.