Mdudu wa Kahawa Hunusa kwa Kutumia Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, shambani kwetu tumetundika chupa nyekundu zilizotobolewa matundu, zenye mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, nazo hunasa mbawakawa weusi wanaotoboa matunda ya kahawa. Mdudu huyo, ambaye hafikii hata milimita 2 na hana pua, huisikiaje harufu hiyo?
Mkulima, Mbozi

JIBU: Ndugu msomaji, pua yake iko kwenye papasi, yaani vile vipembe viwili vya kichwani. Kila papasi imekunjika kama kiwiko, na ncha yake imetuna ikawa rungu dogo bapa. Ukilitazama rungu hilo kwa hadubini yenye nguvu sana, utaliona limeota vinywele vya hisia vya aina mbalimbali: visivyo na tundu huhisi mguso, vyenye tundu moja nchani huonja, na vile vya kunusia, ambavyo ndivyo hasa ulivyoviulizia, vina kuta zilizotobokatoboka mithili ya chujio. Chembe ya harufu hupenya katika vitundu hivyo, ikavuka ute uliomo ndani mpaka ikaigusa ncha ya neva, nayo neva hupeleka habari kwenye ubongo. Tunda linaloiva hutoa ethanoli kidogo, na ndiyo maana chupa zenu humvuta.

Mkiwachunguza walionaswa mtakuta ni majike, kwa kuwa dume hawezi kuruka na hubaki ndani ya tunda alimozaliwa. Kwa hiyo chupa pekee hazitoshi. Matunda yaliyosalia mtini na yaliyoanguka chini yaokoteni pia.