Barua kwa mwanangu: walipocheka "silingi" yako

Mwanangu,

Umeuliza kama ni wewe usiyejua utani au ni wenzako wa ofisini wanaokudharau. Ulisema "silingi milioni mbili" mkutanoni, wakacheka, na tangu hapo umefunga mdomo.

Dholuo, lugha yetu, haina "sh", basi ulimi hukimbilia "s" iliyo jirani. Kuteleza huko Nairobi wanakuita kushrabu, na Mkikuyu naye huchanganya "r" na "l". Ni mambo ya mdomo, si ya akili.

Kicheko chenyewe sasa. Umekulia kwenye mchongoano, utani wa kuchambana kwa zamu. Anayekuambia u mwembamba hadi mvua ikinyesha unapita katikati ya matone anatia chumvi mpaka kila mtu ajue ni uongo, kisha zamu ni yako. Uongo na zamu: kimoja kikikosekana, hayo si mchongoano tena. "Silingi" yako ni kweli, na mbele ya bosi huna zamu. Ndiyo maana iliuma.

Lakini kuumia ni kitu kimoja, kuogopa kila kicheko ni kingine. Hofu hiyo huitwa gelotofobia. Wanasaikolojia Willibald Ruch na René Proyer, walipokuwa Zurich, waliipima kwa sentensi 15, kila moja alama 1 hadi 4. Wastani ukifika 2.5, hofu ipo. Kipimo hicho kilipopelekwa nchi 73, hofu ilionekana kuvaa nguo tofauti: huku mtu huficha wasiwasi wake, kule hukwepa kabisa pale alipochekwa. Wewe unakwepa. Tena wenye hofu hii hujipima chini ya uwezo wao, na hapo ndipo ninapokushuku.

Usijicheke kabla hawajakucheka. Inaonekana ujanja, kumbe unawapa ruhusa. Wakicheka, nyamaza kidogo, umalizie sentensi kwa mwendo uleule. Usirudie neno. Ukikimbia au ukishusha sauti, "s" zitaongezeka, maana unalinda ulimi badala ya kufuata hoja. Mmoja akizidi, mvute kando baadaye: "Ukitaka kunirekebisha, tuwe wawili." Mtani wa kweli ataona haya. Asiyeona, umeshamjua.

Jumatatu anza na kile kikao cha watu wanne. Sema neno dakika tano za kwanza, moyo usijepata nafasi ya kupiga hesabu. Na bajeti uisome mwenyewe, shilingi zote.

Mamako