Kanisa rafiki linakuja na kontena la viti mwendo: kamati iandae nini?

Mkuu, umesema usharika wenu huko Singida umepata barua kutoka kanisa rafiki la Marekani. Watakuja watu 15 kwa siku 10, na viti mwendo 120 vitatangulia kwa kontena. Unauliza kamati iandae nini zaidi ya malazi, chakula na orodha ya wahitaji. Mchangiaji mmoja hapo juu amekujibu kwamba kiti ni kiti, na mtu aliyekuwa anatambaa hawezi kuchagua.

Naanzia hapo hapo, maana hilo jibu ni la hatari. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa bodaboda au kwa kuanguka mtini mara nyingi hana hisia makalioni. Mifupa miwili ya kukalia inabana nyama dhidi ya kiti, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani, na yeye hasikii chochote. Ukiona ngozi imebadilika rangi, huenda chini yake tayari kumeoza. Kidonda cha namna hiyo kikifika kwenye mfupa, uchafu ukaingia kwenye damu, mtu anaweza kufa. Kwa hiyo kiti kisicho na mto wa kufaa, akakalishwa mtu wa aina hii kutwa nzima, ni afadhali asingepewa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, na lilitoa mwingine mwaka 2023. Ule wa 2008 una hatua nane: kumpata mhitaji na kumpangia siku, kumpima, kuchagua kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha, kisha kumfuatilia na kufanya matengenezo. Safari nyingi za wageni huishia kukabidhi na kupiga picha. Kazi ya kamati yenu ni kuhakikisha kila hatua kati ya hizo nane ina mwenyewe.

Piga hesabu ya muda kabla ya kukubali idadi. Mtu mzima mwenye mahitaji ya kawaida anataka saa moja na nusu hadi mbili: kupimwa, kiti kurekebishwa, kukalishwa, kufundishwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji kushikiliwa kichwa na kiwiliwili anaweza kumaliza asubuhi nzima. Siku 10 za wageni, ukitoa safari, Jumapili na siku ya kupanga vifaa, zinabaki 6. Mkiwa na meza nne, kila meza na mtaalamu mmoja, ikihudumia watu 3 au 4 kwa siku, mnapata watu 72 hadi 96. Hao 120 hawaingii. Mkilazimisha, meza zitaacha kupima na kuanza kugawa. Waandikieni walete viti 80, na pesa ya vile 40 igeuzwe vipuri na nauli za ufuatiliaji. Wengine wataona ajabu kuombwa wapunguze msaada, lakini waliozoea kazi hii watawaelewa mara moja.

Na mtaalamu wa kila meza ni nani? Ulizeni hilo mapema sana. Katika watu 15 ulizia wangapi ni wa fiziotherapia au tiba kwa vitendo na wamesomea kukalisha watu kwenye viti mwendo. Mara nyingi ni wawili au watatu. Waliobaki wapeni kufunga viti, kujaza upepo, kushona mifuko ya mito, kuandikisha, kucheza na watoto wanaosubiri, kazi za maana kabisa. Pengo la wataalamu zibeni hapa nyumbani. Moshi kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilicho pale hospitali ya KCMC tangu 1981, ambacho kimefundisha pia mafundi wa viti mwendo. Dar es Salaam kuna CCBRT, hospitali inayohudumia watu wenye ulemavu. Mganga mkuu wa mkoa naye anajua mtaalamu wa fiziotherapia yuko hospitali gani. Mkiwaingiza tangu mwanzo mnapata mtu atakayebaki wageni wakishapanda ndege, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko utaalamu wenyewe.

Sasa vipimo. Orodha ya majina peke yake haifai kitu; inatakiwa orodha yenye namba, iende kwa wageni kabla kontena halijafungwa. Kwa futi kamba na ubao mgumu wa kukalia, kila mtu apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na kimo kutoka ubaoni hadi chini ya mbavu na hadi ncha ya chini ya mfupa bapa wa bega. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga. Kina cha kiti kiwe urefu wa paja ukitoa sentimita 3 hadi 6. Kimo cha vikanyagio kipimwe kutoka juu ya mto ukiwa umekaliwa. Watu wengi husahau mto, halafu vikanyagio vinakuwa chini mno.

Viti vya mitumba kutoka Marekani vingi ni vya inchi 18, yaani sentimita 46. Mtu aliyepooza miaka mitano misuli ya nyonga imeisha, anahitaji 38 au hata 36. Ukimweka kwenye 46 anaegemea upande mmoja, mgongo unapinda, mikono inafika kwenye magurudumu kwa shida na mabega yanaumia. Kina kikizidi anateleza mbele na kukalia mfupa wa mkia. Vikanyagio vikiwa juu mno magoti yananyanyuka, na uzito wote unarudi kwenye ile mifupa miwili.

Baada ya kumkalisha, fanya jaribio la vidole. Mwambie unachotaka kufanya, umwombe ruhusa, kisha mtu wa jinsia yake apitishe mkono chini ya kalio, kiganja juu, atafute mfupa. Ncha za vidole zikiweza kucheza juu na chini milimita 5 au zaidi, mto unafaa. Zikishindwa kucheza lakini zinachomoka kwa urahisi, hapo ni onyo. Zikibanwa, mto huo usimwachie. Chonga shimo kwenye sponji ya chini au badilisha mto. Pima makalio yote mawili. Sponji iwe ngumu ya kutosha, ifunikwe kitu kisichopitisha maji chenye kunyumbulika, na mwenyewe aambiwe wazi kwamba ikilala haijirudishi, ibadilishwe. Ile mito ya duara yenye tundu katikati msiigawe, inakata damu kuzunguka tundu. Mfundishe pia kuinama mbele kifua kiende magotini, au kuegemea upande huu na huu, mara kwa mara kutwa nzima, na jioni ndugu amkague ngozi au yeye mwenyewe atumie kioo.

Aliyekatwa miguu yote miwili ni habari nyingine. Uzito wa mbele haupo, kwa hiyo ekseli ya nyuma isogezwe nyuma zaidi, la sivyo kwenye mlima wa kwanza anapinduka kichogo. Kiti ambacho ekseli haisogei asipewe.

Watoto wenye mtindio wa ubongo ndio watakaowasumbua zaidi. Kosa la kila siku ni kumweka mtoto kwenye kiti cha mtu mzima na kumfunga khanga kifuani ili asianguke. Nyonga inateleza mbele, mtoto anashuka, khanga inapanda shingoni. Mkanda wa kwanza ni wa nyonga siku zote, upite mbele ya nyonga na kuvuta kushuka nyuma, na wa kifua uje baadaye kama unahitajika. Kiti kiwe na viegemeo vya pembeni na cha kichwa. Mama afundishwe kumlisha akiwa amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, maana akilishwa kichwa kimelala nyuma chakula kinaingia kwenye njia ya hewa. Kama timu haina mtu aliyesomea kukalisha watoto wa aina hii, waandikisheni watoto hao na kuwapa rufaa. Inauma kumrudisha mama aliyetoka mbali, kwa hiyo mwambieni kwa simu kabla hajapanda gari.

Kuna ambao hawahitaji kiti mwendo kabisa. Mwenye mguu mmoja mzima na mikono yenye nguvu mara nyingi magongo yanamtosha. Mwenye mikono mizuri anayekaa kilomita tatu kutoka sokoni atafaidika zaidi na baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, pamoja na kiti chepesi cha ndani. Pimeni na mlango wa nyumba yake na njia ya chooni. Kiti kisichopita mlangoni kinalala nje kwenye mvua, na miezi michache baadaye kinakuwa chuma chakavu.

Kwenu kuna mchanga na miiba, basi niseme kuhusu matairi kirefu kidogo. Kiti cha hospitali kina magurudumu membamba ya mbele yanayozama mchangani. Ombeni vyenye gurudumu la mbele pana, au vile virefu vyenye gurudumu moja mbele. Kwa tairi za nyuma, soma namba iliyoandikwa ubavuni. Tairi nyingi za viti vya Marekani na Ulaya ni 24 x 1 3/8, ambayo kwa namba ya rimu (kipenyo chake kwa milimita) ni 540. Baiskeli ndogo za milimani ni 24 x 1.75 hadi 2.125, rimu 507. Zote zinaitwa "24", lakini moja haiingii kwenye rimu ya nyingine hata ukiivuta kwa jembe. Duka la vipuri vya baiskeli Singida litakuwa na hizo za pili. Kwa hiyo ombeni viti vyenye rimu ya 507. Wakileta vya 540, visiwe vya upepo, viwe vya mpira mtupu. Mpira mtupu hauna pancha, ila unarusha mtu kwenye mawe na kukata spoku mapema. Ni kuchagua shida ipi unaiweza.

Beringi nazo zina mtego huo. Ekseli ya nusu inchi ni milimita 12.7, inatumia beringi ya saizi iitwayo R8. Fundi akikosa R8 anagonga ya milimita 12, ekseli inagoma kuingia, anaipiga msasa, na baada ya wiki gurudumu linayumba. Za mbele mara nyingi ni saizi ya 608, hizo zinapatikana. Bolti za Marekani ni za inchi, yaani robo inchi na tano ya kumi na sita ya inchi, spana za milimita 10 na 13 hazizikamati vizuri. Ombeni seti mbili za spana na alenki (funguo za pembe sita) za inchi zibaki kwenu. Kwa viti 80 ombeni angalau tyubu 160, tairi 40, beringi za mbele 100, viatu vya breki 40, sponji na vitambaa vya mito 80 ya akiba. Chagueni fundi baiskeli wawili wa mjini, washiriki kufunga viti kuanzia siku ya kwanza, walipwe kama mafundi.

Bandarini, viti mwendo viko kwenye kifungu cha ushuru 8713, ambacho katika Afrika Mashariki ushuru wake wa forodha ni sifuri, na vipuri vyake ni 8714.20. Jedwali la tano la sheria ya forodha ya jumuiya ya mwaka 2004 nalo linasamehe vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Hata hivyo msamaha hauji wenyewe. Wakala wa forodha apewe hati ya meli, orodha ya vilivyomo, ankara yenye thamani na barua ya mchango yenye jina la mpokeaji aliyesajiliwa, na hivyo vyote viwe mezani kabla meli haijatia nanga. Muulizeni wakala mapema kuhusu TBS (shirika la viwango) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), hasa viti vikiwa vimetumika. Na kataeni katakata mabegi ya nguo, vitabu na midoli kujazwa kwenye nafasi iliyobaki. Mzigo mchanganyiko ndio unaofunguliwa, unaothaminiwa upya na kukaa, huku gharama za hifadhi zikipanda kila siku.

Upande wa huduma ya kiroho, nasema kama Mkristo. Kiti kisiwe na masharti. Orodha yenu ya Singida itakuwa na Waislamu wengi, na hakuna mtu apitishwe kwenye mahubiri ili afike kwenye meza ya vipimo. Anayetaka maombi aombewe, tena ulizeni kwanza. Mtu asishikwe mikono na kuvutwa asimame "kwa imani". Mifupa ya miguu iliyopooza muda mrefu huwa dhaifu, inavunjika kwa kuanguka kidogo tu, na mwenyewe anaweza asijue kwa kuwa hana hisia. Picha zipigwe kwa ruhusa ya maandishi, na kamwe si wakati anatambaa kuja mezani. Wakalimani wafundishwe siku moja kabla, maana kuna maswali ya mkojo, choo na vidonda. Mama wa makamo hatamjibu kijana wa kwaya maswali hayo, atasema tu hana tatizo.

Kila kiti kiandikwe namba ya kudumu kwenye fremu, na kwenye daftari iandikwe simu ya mwenyewe na ya jirani. Wapigieni baada ya wiki mbili, na waonwe ana kwa ana ndani ya wiki sita: ngozi, mto, upepo, breki, bolti, beringi za mbele kama zimeingia mchanga. Kisha angalau mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo zile nauli za viti 40 zinaingia. Ukikuta kiti kimeuzwa, uliza kilikuwa kinambana wapi kabla hujamlaumu.

Wakigoma kupunguza idadi au kuleta saizi mchanganyiko, waulizeni kama wangekubali kutuma fedha badala ya kontena, viti viagizwe kwenye karakana za ukanda huu. Kule Kenya APDK, chama kilichoanza 1958, kinatengeneza viti mwendo na baiskeli za mikono. Waombeni bei ya kiti kimoja kikiwa na mto wake na usafiri mpaka Singida, muiweke kwenye barua hiyo hiyo, kando ya gharama za kontena.