Mwanangu, wakinyamaza ukiingia

Tukuyu, Jumapili jioni

Ugonile, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, maji yanachemka, sikushika vizuri. Ya pili nikakaa. Ya tatu nikamwita baba yako naye asikie. Unasema una miezi minne tangu wakupe kuwasimamia wenzako 9 hapo ghalani Iringa, na siku hizi ukiingia tu mazungumzo yanakatika. Hata yule mlioajiriwa naye siku moja, mliyekuwa mkila naye sahani moja, sasa anakujibu "sawa bosi". Ukaniuliza: "Mama, wewe uliwezaje? Mbona wachumaji wako mpaka leo wanapita nyumbani kukusalimia?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza.

Kwanza ujue kwamba nami walininyamazia. Hukumbuki kwa sababu ulikuwa mtoto wa mgongoni, na mimi sikuwahi kulisema.

Nilipewa unyapara mwaka 1994, baada ya kuchuma chai miaka mitano kwenye mashamba yale yale. Nilikuwa na wachumaji 32, wengi wao wamama wa vijiji vya hapa jirani, baadhi wamenizidi umri. Kazi yenyewe umeiona: majani mawili na chipukizi, kapu mgongoni, kila mche unarudiwa baada ya siku 7 mpaka 14 kutegemea mvua, na jioni mnakutana kwenye mzani. Malipo yalikuwa kwa kilo. Siku nzima ya mtu, mgongo wake, vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi na kuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, vyote viliishia kwenye mshale wa ule mzani. Na mshale nilikuwa nausoma mimi peke yangu.

Tukuyu unaijua kwa mvua. Majani yaliyolowa yanabeba maji, na mwajiri halipi maji. Kwa hiyo nyapara alikuwa akikadiria kwa macho, kilo moja au mbili, anaziondoa kabla ya kuandika daftarini. Mimi nilikuwa mgeni kwenye cheo na mwoga. Niliogopa ofisi ikute nimeandika kilo nyingi kuliko zilizofika kiwandani, nikawa nakata kilo 2 kwa kila kapu, kila siku ya mvua, sawasawa kwa wote. Nilijiona natenda haki kwa kuwa sikumpendelea mtu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Siku moja ya Aprili aliwahi kabla ya wenzake, akatandaza gunia chini ya kibanda, akamwaga majani yake, akayapeperusha kwa mikono mpaka maji yakatoka, akayarudisha kapuni. Nikapima, kilo 13. Nikaandika 11. Aliutazama mshale, akanitazama mimi, akachukua kapu lake akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Wiki ile ile ukimya ukaanza. Nikifika kwenye mistari, nyimbo zinakatika. Majani nayo yakaharibika. Wakawa wanakwanyua mpaka jani la tatu na la nne, yale magumu, maana hayo yana uzito. Sikuelewa wakati ule, lakini walikuwa wanajirudishia kilo zao kwa njia waliyokuwa nayo. Kiwandani wakalikataa gari zima. Nikaitwa ofisini nikafokewa, nikarudi shambani nikafoka. Nilifoka wiki mbili. Nakusimulia hili kwa sababu kwenye sauti yako nimesikia kwamba nawe umeanza kufoka.

Jumamosi moja ya manyunyu nilichukua kapu la ziada nikaingia mstarini kuchuma mwenyewe, nikitaka kuwaonyesha jani zuri linavyokuwa. Jioni nikapima kapu langu, kilo 11. Nikalikung'uta, nikatandaza kama yule mama alivyofanya, nikapima tena: kilo 10 na robo. Robo tatu ya kilo, nami nilikuwa nakata mbili. Nilikaa kwenye kile kibanda mpaka giza likaingia. Nilianza kuhesabu Aprili nzima, mtu kwa mtu, nikashindwa kumaliza, iliniuma.

Jumatatu niliugeuza mzani, uso wake ukawaelekea wao. Nikawaambia kwamba siku ya mvua watachagua wenyewe kapu moja. Litapimwa likiwa limelowa, litakung'utwa, litapimwa tena, na tofauti itakayoonekana ndiyo itakayokatwa kwa kila mtu siku hiyo. Nikakiri mbele yao kwamba Aprili niliwakata kupita kiasi. Nilikwenda ofisini kuomba warudishiwe, nikajibiwa kwamba hesabu za mwezi zimeshafungwa. Hilo nalo nikawaeleza kama nilivyoambiwa.

Usidhani nyimbo zilirudi siku ile. Juni ubaridi ukashika, chai ikawa haichipui, kilo zikashuka kwa kila mtu, na kila jioni walisogea karibu kabisa kuusoma mshale wenyewe. Niliwaacha wasome. Ilikuwa Agosti yule mjane aliponisemesha, akaniuliza kama mwanangu amepona surua. Mtoto mwenyewe ni wewe.

Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza mshale wako ni upi hapo ghalani, kitu gani unakisoma peke yako wakati wenzako ndicho wanachoishi nacho. Nadhani ni zile zamu. Ulinieleza kwamba unazipanga usiku kitandani, unazituma kwenye kundi la WhatsApp saa 4, halafu unazima simu. Mtu anaamka anakuta amepangiwa Jumapili ya tatu mfululizo na hajui kwa nini. Wewe una sababu zako, najua unazo, hukuzaliwa na roho mbaya. Lakini kutoka upande wao hakuna anayeziona, na yule rafiki yako anashindwa hata kukutetea kwa wenzake, kwa sababu naye haoni.

Wazo lako la kuwanunulia soda na chipsi kila Ijumaa liache kwanza. Watakula, watashukuru, na watanyamaza vilevile. Mimi nilikuwa nakunywa nao uji saa 4 asubuhi, lakini nilikunywa kwa sababu nilikuwa na njaa na uji ulikuwa mmoja. Ukiwa na njaa nenda ukale wanakokula. Usipokuwa nayo, waache wapumzike bila wewe, na wao wanahitaji kukusema kidogo.

Na yule kijana anayechelewa kila Jumatatu, unayesema umeshamkata malipo mara mbili. Mbona ni Jumatatu tu? Umemwuliza?

Mwisho ukaniuliza nilikuwa napumzikaje, maana wewe hata ukiwa unakula unawaza magunia ya mbolea. Daftari la mzani lilikuwa linalala kule kule kibandani, kwenye sanduku. Halikuwahi kuvuka mlango wa nyumba hii. Nikifika nilikuwa nasugua mikono kwa limao, maana sabuni haiutoi weusi wa chai, na kile kitendo cha kusugua ndicho kilikuwa kinanifikisha nyumbani. Halafu nilikaa pale kwenye kizingiti cha jiko, nawe mapajani, namenya ndizi za mbalaga. Baba yako anafungua redio, tunakunywa chai ya rangi yenye mchaichai wa pale ukutani. Jioni nyingine mvua ikikatika, wingu linafunuka na Mlima Rungwe wote unaonekana, umeoshwa, karibu kama unaweza kuugusa. Tulikuwa tunaacha kumenya tunautazama. Haukai muda mrefu, wingu linarudi.

Nimekaa pale pale leo. Baba yako anasema mlima wa leo ni mzuri kuliko wa jana, na kila siku husema hivyo, nami kila siku naona kweli.

Hapo Iringa najua huna kizingiti cha jiko, una kachumba na jiko la gesi. Lakini umeniambia kuna jiwe kubwa nyuma ya nyumba mnayopanga, na jioni unaliona jua likishuka mjini. Nenda ukakae pale na kikombe, simu uiache ndani. Saa moja tu. Mbolea haitaondoka.

Zamu za wiki ijayo zipange mchana, mezani, na wao wakiwepo. Ukikosea watakuonyesha papo hapo, na utaona aibu kidogo, vumilia.

Baba yako amempa konda wa basi la kesho asubuhi gunia la maparachichi ya nyuma ya jiko, jina lako limeandikwa kwa kalamu nyeusi. Yanatosha wewe na wenzako wote 9. Ila usiyagawe siku hiyo hiyo, bado ni magumu. Yafunike na gazeti siku nne au tano, uwe unayaminya kidogo karibu na kikonyo.

Mama yako